Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu Zanzibar: Kila mwenye chaki asiwe bosi wa mfagiaji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Katibu Mkuu, Afisa Mdhamini wa Wizara kwa Pemba, maafisa elimu wa wilaya, na walimu wakuu wote wa Unguja na Pemba.

Assalaam alaykum.

Mimi ni karani wa skuli ya sekondari hapa Pemba. Jina la skuli siliandiki, kwa sababu nitakayoyasema si ya skuli moja, na pia kwa sababu kesho asubuhi nitarudi kukaa meza ile ile. Kazi yangu imeniweka katikati. Si mwalimu, lakini ukuta wangu umepakana na chumba cha walimu. Si mfagiaji wala mlinzi, lakini kitabu chao cha mahudhurio kiko kwangu, na manung'uniko yao hufikia kwangu pia. Nayasikia ya pande zote mbili, na nimechoka kuyaona yakiishia mezani pangu.

Ninalotaka kulisema ni moja. Baina ya walimu na wafanyakazi wengine wa skuli hakuna vita, wala simshutumu mtu kuwa ana roho mbaya. Kinachokosekana ni mpango. Katika skuli nyingi ninazozijua hakuna karatasi ukutani wala kwenye faili inayosema kazi ya nani ni ipi na nani anampa nani amri. Kwa hiyo kila aliyeshika chaki anakuwa bosi, na kila aliyeshika ufagio anakuwa wa kutumwa. Heshima tunayohimizwa kwenye mikutano haipati pa kukaa katika hali hiyo, hata tukisomeana mawaidha kila Ijumaa.

Chukueni siku ya kawaida tu. Mama anayefagia, nitamwita Bi Mkubwa kwa sababu ndivyo tunavyowaita wengi wa rika lake, ameshafungua madarasa kabla ya saa moja asubuhi. Anaanza baraza. Mwalimu mmoja anamwita amletee chai. Mwengine anataka andazi na kachori kwa yule mama anayeuza nje ya geti. Wa tatu ameishiwa bando, anampa fedha akanunue vocha. Wa nne ana pikipiki yenye matope. Mara mwalimu mkuu anapita, anaona baraza imejaa mchanga na majani ya mwembe, anauliza: huyu mfagiaji yuko wapi? Yuko dukani. Ametumwa na watu ambao hata mmoja wao hatatoka kusema, "Nimemtuma mimi." Jioni kwenye kitabu anaandikwa mzembe, na anayeandika ni mimi.

Hawezi kukataa. Amkatalie mwalimu, tena mwalimu mwenye kusikilizwa ofisini, halafu itakuwaje? Na mwalimu naye, kusema kweli, wala haoni kama amekosea. Aliwakuta wenzake wakituma, naye akatuma. Hakuna aliyemwonyesha mpaka uko wapi, kwa sababu mpaka wenyewe haujapigwa.

Linaloniuma zaidi ni la umri. Mwalimu kijana, juzi tu katoka chuoni, akikutana na Bi Mkubwa njiani mtaani kwao atasimama atoe shikamoo, na akimwona kabeba kikapu atampokea. Kwenye hitima atamsogezea sahani. Mzee mlinzi naye, kijana huyo huyo anasimama naye safu moja msikitini, na pengine mzee ndiye anayepita mbele kusalisha. Wakivuka geti la skuli, shikamoo inabaki nje. Bi Mkubwa anakuwa "we mama", na mzee anaitwa "mlinzi!" kwa sauti inayofika darasa la mwisho. Wanafunzi wapo, wanasikia. Haupiti muda tangu waingie kidato cha kwanza nao wanampita mzee getini kama wanavyopita nguzo ya umeme. Kisha tunaingia darasani kuwafundisha adabu.

Niseme kidogo na habari ya mikondo miwili, maana ugomvi mwingi unazaliwa hapo na wakubwa hamuuoni, kwa kuwa haupandi juu kwa barua. Mkondo wa asubuhi unapotoka, wa mchana umeshajaa uwanjani. Baina yao hakuna nafasi ya kufagia madarasa yote, sembuse vyoo. Mwalimu wa mchana anaingia anakuta karatasi chini, maganda ya embe kwenye dirisha, ubao haujafutwa. Anamgombeza mfagiaji. Mfagiaji anasema waliochafua ni watoto wa asubuhi. Mwalimu wa asubuhi akiulizwa kesho yake anajibu kwamba yeye aliajiriwa kusomesha. Wote watatu wana hoja, na darasa bado chafu.

Nimeona skuli moja iliyolimaliza jambo hilo bila ya kutumia hata shilingi. Kipindi cha mwisho cha asubuhi kinakatwa dakika chache. Wanafunzi wenyewe wanaokota taka na kufuta ubao, mwalimu wa kipindi hatoki mpaka wamalize. Mfagiaji anabaki na baraza na vyoo, ambako ndiko kwenye kazi hasa. Wazo hilo lilitoka kwa nani? Kwa mfagiaji. Tena aliulizwa kwa bahati tu, siku mwalimu wa zamu alipokuwa mgeni na hajui taratibu za pale. Kabla ya hapo alikuwa amelinyamazia kwa miaka. Alinambia hakuwahi kuona pahala pa kulisemea.

Na maabara je? Mwalimu wa kemia anataka wanafunzi arubaini wafanye jaribio la asidi na besi. Anayejua kazi hiyo anajua inavyokula muda: kuosha bureti na pipeti, kupima, kuzimua, kisha fundi wa maabara alijaribu mwenyewe kwanza aone rangi inabadilika pale inapotakiwa kubadilika. Si kazi ya kukurupuka. Lakini fundi analetewa kikaratasi na mwanafunzi wakati wa mapumziko: tayarisha kwa kipindi kinachofuata. Anatayarisha mbio mbio. Majibu yanatoka kila mtoto na lake, na mwalimu anasema mbele ya darasa zima, "Ndio fundi wetu huyu." Watoto wanacheka.

Tangu siku hiyo fundi anafanya kilichoandikwa kwenye kikaratasi na si zaidi. Akiona mwalimu amekosea kipimo, anapima vile vile alivyokosea mwalimu. Nimemuuliza kwa nini, akajibu kuwa yeye hakuajiriwa kufikiri. Jibu hilo halikunipendeza, lakini nilielewa limetoka wapi. Na hapa hatuzungumzii mandazi tena, tunazungumzia asidi na mikono ya watoto.

Tunasahau pia kwamba watu hawa wanajua mambo ambayo mwalimu hayajui wala hana njia ya kuyajua. Msimu wa karafuu ukianza, mwalimu wa darasa anahesabu viti vilivyo wazi na kuandika "hayupo, hayupo, hayupo". Mlinzi, ambaye ni mtu wa shehia ile ile, anajua nani amekwenda kuchuma na mama yake, nani amefuatana na baba yake dago, yaani kambi ya muda mbali na nyumbani, na nani amelala na homa kwao. Watoto watatu, sababu tatu, na kila mmoja anahitaji kusemeshwa kwa namna yake. Mwalimu anawapa adhabu moja wote. Mama anayesafisha vyoo vya wasichana ndiye wa mwanzo kujua mfereji umekauka, na kwa nini baadhi ya wasichana hawaonekani siku fulani fulani za mwezi. Mlezi wa dakhalia, yaani bweni la wanafunzi, anajua nani halali usiku na nani hali chakula. Habari zote hizo zinazunguka chini, hazina mlango wa kupandia.

Tumewahi kuufungua mlango huo, lakini ni wakati wa shida tu. Kipindupindu cha 2015 na 2016, na baadaye Uviko wa 2020, vilitufanya sote tumkumbuke mfagiaji. Ndoo za maji na sabuni zilipowekwa getini, mzee mlinzi ndiye aliyesimamia kila mtoto anawe. Ilibidi walimu na wahudumu wakae pamoja wapange nani ajaze ndoo, nani apime dawa ya kutakasia, nani awe wapi saa ngapi. Hakuna mwalimu aliyedhalilika kwa kukaa kitako na mfagiaji. Maradhi yakapungua, na vikao vikapungua navyo, mpaka vikaisha.

Nisije nikaonekana nimejipangia upande. Walimu nao wana lao, na si dogo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, anayetoka kipindi hiki akaingia kile bila ya kunywa maji, akikuta choo cha walimu hakiingiliki ana haki ya kuhamaki. Wapo wahudumu wanaotia saini asubuhi, saa tatu wako shambani kwao. Wapo walinzi wa usiku wanaolinda usingizi wao. Wapo wasioguswa kwa kuwa ni ndugu wa fulani kwenye kamati ya skuli, na mwalimu anayejua hivyo hufunga mdomo. Na lipo hili ambalo walimu hulisema kwa sauti ya chini: linalozungumzwa chumba cha walimu asubuhi, Magharibi limeshafika barazani mtaani. Mwalimu akishasikia maneno yake kwa muuza samaki, hawezi tena kumwamini anayeingia kuchukua vikombe. Makarani wenzangu pia, wapo wanaomzungusha mwalimu kwa barua ya likizo utadhani likizo inatoka mfukoni mwao.

Yote hayo ni makosa ya kazi, na makosa ya kazi yana dawa yake, lakini ni pale tu kazi yenyewe inapojulikana. Huwezi kumuadhibu mtu kwa kuacha jukumu ambalo hukumpa kwa maandishi, na huwezi kumlinda dhidi ya amri isiyo yake ikiwa hujui yake ni zipi. Karatasi ile ile inayomlinda mfagiaji asitumwe vocha ndiyo itakayompa mwalimu haki ya kuuliza kwa nini choo ni kichafu. Kwa hiyo ninaloliomba si hisani kwa wanyonge, na naomba lisipokewe hivyo.

Kisheria sioni kizuizi. Mwalimu wa serikali na mlinzi wa serikali wote ni watumishi wa umma, na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011 inawahusu wote wawili. Tunayo pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005, ambayo ukiisoma kisha ukamtazama mama anayesugua vyoo kwa mikono mitupu utaona haya. Glavu na buti si anasa.

Kila mwaka tarehe 23 Septemba tunakumbuka tangazo la elimu bila malipo lililotolewa na Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1964, na ni haki yetu kulikumbuka. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, inayotokana na pendekezo la hadhi ya walimu lililopitishwa na UNESCO na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1966. Walimu wanaijua, na baadhi ya skuli huwanunulia soda. Lakini ipo na tarehe 16 Mei, ambayo shirikisho la kimataifa la vyama vya walimu, Education International, limekuwa likiiadhimisha tangu 2018 kwa ajili ya wafanyakazi wasaidizi wa elimu: madereva, wapishi, makarani, walinzi, wasaidizi wa darasani. Yaani vyama vya walimu vyenyewe ndivyo vilivyoitenga siku hiyo. Nimewauliza walimu kadhaa, hakuna aliyekuwa na habari nayo. Mimi mwenyewe soda si hoja kwangu. Nataja tarehe hiyo ili msije mkaambiwa kwamba mambo haya yameanzia kwa karani mmoja wa Pemba mwenye kinyongo.

Kuna jambo linalofanya ombi hili lisingoje. Skuli zetu zimebadilika. Tangu Serikali ya Awamu ya Nane iingie, skuli za ghorofa zimejengwa Unguja na Pemba, zenye maabara, maktaba, vyumba vya kompyuta na vyoo kila sakafu. Alhamdulillahi. Jengo kama hilo halifagiliki kwa utaratibu wa banda la vyumba sita. Kuna pampu ya maji ya kuangaliwa, kuna ngazi, kuna funguo nyingi, kuna mashine zinazotaka kuzimwa. Tukihamia humo na desturi yetu ya kutumana, jengo litachakaa mapema, na lawama mnajua zitamwangukia nani.

Na watoto wenye ulemavu wanaokuja katika madarasa ya kawaida, ambao Kitengo cha Elimu Mjumuisho kinawashughulikia, wengine wanahitaji mtu mzima wa pili darasani. Huyo mtu wa pili akiingia leo, wanafunzi watamwona mwalimu akimtuma chaki na maji. Hawatamsikiliza tena, hata akiwa ndiye pekee anayejua lugha ya alama chumbani humo.

Sasa ombi. Kwanza naomba waraka, mfupi tu, unaomtaka kila mwalimu mkuu aandike ukurasa mmoja wa majukumu kwa kila asiye mwalimu katika skuli yake, autie saini pamoja na mhusika, na nakala ibandikwe chumba cha walimu, si ofisini mwake kwenye mtoto wa meza. Ukurasa huo useme amri zinapitia kwa nani. Mimi ningependekeza msaidizi mwalimu mkuu, mtu mmoja tu. Mwalimu mwenye haja ya kazi apite kwake. Mwenye haja ya andazi aende mwenyewe, geti liko wazi.

Pili, na hili kwangu ndilo kubwa, wafanyakazi hawa waingie kwenye kikao cha walimu japo mara moja kila muhula. Siombi waitwe mwishoni kusomewa makosa yao kisha watolewe. Wakae, ratiba ya usafi na ya mikondo ijadiliwe wakiwepo, na muhtasari uende kwa afisa elimu wa wilaya ukiwa na majina yao kwenye orodha ya waliohudhuria. Najua pingamizi itakayokuja: siri za walimu. Basi kikao kiwe na sehemu mbili, ya wote na ya walimu peke yao. Na yale ya kutoa maneno nje yaandikwe kuwa kosa kwa kila mfanyakazi, mwalimu akiwemo, maana na walimu wapo wenye ndimi nyepesi.

Wakaguzi wa elimu nao, wanapofika skuli, wakimaliza kutazama maandalizi ya masomo wazungumze na mlinzi na fundi wa maabara faraghani. Watajifunza zaidi kwa robo saa hiyo kuliko kwa faili ninalowaandalia, na mimi ndiye ninayeliandaa. Vyuo vinavyotayarisha walimu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na vyenzake, viwafundishe vijana namna ya kufanya kazi na msaidizi: kumpa taarifa siku moja kabla, kumkosoa mlango ukiwa umefungwa, kumtambulisha kwa wanafunzi kwa jina lake siku ya mwanzo. Mwalimu anayejua kuandaa somo la wiki nzima hawezi kushindwa kuandika kikaratasi cha maabara jana yake.

Yapo na mengine, ya mishahara na ya wanaojitolea miaka nenda miaka rudi bila ya barua ya ajira. Hayo yana wasemaji wake katika vyama vya wafanyakazi, na nikiyachanganya humu mtayajibu hayo na kuyaacha haya.

Kama waraka wa Zanzibar nzima utachukua muda, chagueni wilaya moja, ya Pemba au ya Unguja, na skuli chache za mikondo miwili ndani yake. Wapeni mihula miwili. Mkitaka kujua kama kuna kilichobadilika, msiwaulize walimu wakuu peke yao. Fikeni saa ya kubadilishana mikondo, bila ya taarifa, na mpite vyooni. Kuchapa hiyo mihtasari ya vikao msihofu, makarani tupo.

Wenu katika kazi,

Karani wa skuli ya sekondari,
Kaskazini Pemba